Si Mambo ya Wazungu: Historia Fupi ya Kumtunza Paka Mzee

Kuna sentensi moja sisi Wakenya tunaitumia kama rungu: "Hayo ni mambo ya wazungu." Ukienda kuongea na mshauri, mambo ya wazungu. Ukimkumbatia baba yako, mambo ya wazungu. Na ukilipa pesa ndio paka wa miaka 14 afanyiwe operesheni, hapo ndio kabisa: wazungu, tena wale wa Karen.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo ya mwisho. Sitaki kubishana kwa hisia, nataka tutumie historia. Kwa sababu ukiifuata hii stori polepole utagundua kitu: kumtunza paka mzee na mgonjwa ni desturi ya zamani sana, na haikuanzia Ulaya. Kilicho kipya ni kisu na dawa ya usingizi.

Tuanze mwanzo. Paka wote wa nyumbani duniani, kuanzia yule anayezunguka kibanda cha chipo hadi yule wa kulala kwa sofa ya milioni, wametokana na paka mwitu mmoja anayeitwa kisayansi Felis lybica. Huyo paka mwitu bado yuko, na hata Kenya tunaye. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba ufugaji ulianzia Mashariki ya Kati, wakati watu walianza kulima na kuweka akiba ya nafaka. Nafaka ilileta panya, panya wakaleta paka. Hakuna mtu alimwita. Alijiajiri.

Lakini uhusiano haukubaki wa kazi tu. Kwenye kisiwa cha Saiprasi, mahali panaitwa Shillourokambos, wanaakiolojia walipata kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Ndani kuna mtu, na sentimita 40 hivi kutoka kwake kuna paka, amelazwa kwenye shimo lake mwenyewe. Saiprasi haikuwa na paka wa asili. Maana yake kuna msee alimbeba paka kwa mashua akavuka naye bahari, na mwishowe wakazikwa jirani. Hiyo ni kabla ya piramidi. Ni kabla hata ya maandishi.

Misri nitapita haraka kwa sababu hiyo kila mtu anaijua, ama anadhani anaijua. Ndiyo, Herodotus aliandika kwamba paka wa nyumba akifa, wenyeji walinyoa nyusi kuomboleza. Lakini Misri hiyo hiyo ilifuga paka kwa wingi, wakauawa wakiwa wadogo na kukaushwa wawe sadaka za kuuzwa kwa mahujaji. Walikuwa wengi hivi kwamba 1890 tani 19 za maiti zao, kama paka 180,000, zilisafirishwa hadi Liverpool kusagwa ziwe mbolea. Kwa hivyo kuabudu mnyama na kumtunza mnyama ni vitu viwili tofauti. Shika hiyo.

Sasa njoo kwa mahali ninapopapenda kuliko pote: Berenike. Hii ilikuwa bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu wakati wa Warumi. Meli za kwenda India zilitoka huko, na kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza kinachoitwa Periplus kinataja Berenike pamoja na safari za kushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki, kwenye soko la Rhapta. Yaani ni upande wetu wa dunia, bahari zetu.

Nje ya mji huo kulikuwa na makaburi ya wanyama ya kati ya karne ya kwanza na ya pili. Wachimbaji wametoa mabaki ya wanyama 585, na zaidi ya asilimia 90 ni paka. Hawa hawakukaushwa wala kuuawa kwa sadaka. Wamelazwa vizuri kama wamelala, wengine wamefunikwa kwa kitambaa ama kigae cha chungu, wengine wana kola na shanga shingoni. Na kati ya wanyama hao kuna wazee. Kuna waliokuwa hawawezi kutembea vizuri, na kuna waliokuwa karibu hawana meno kabisa. Mtafiti Marta Osypińska alieleza jambo dogo lenye uzito mkubwa: mnyama wa hivyo hawezi kuishi bila mtu wa kumlisha, na pengine kumlainishia chakula.

Fikiria hiyo picha. Berenike ni jangwa. Chakula kilikuja kutoka mbali. Na bado kuna mtu, miaka karibu 2,000 iliyopita, alikaa chini akaponda samaki kwa ajili ya mnyama ambaye hangeshika panya tena hata angelipwa.

Mwingine ni paka wa Dzhankent, Kazakhstan ya leo, aliyeishi karne ya nane hadi ya kumi. Utafiti wake ulitoka 2020. Mifupa yake inaonyesha alivunjika mara kadhaa na akapona. Meno kadhaa yalikuwa yameng'oka muda mrefu kabla hajafa. Na kemia ya mifupa inaonyesha alikula protini nyingi, kuliko hata mbwa wa hapo. Watu wa eneo hilo walikuwa wafugaji wa kuhamahama, wale ambao vitabu vya shule vingekuambia hawakuwa na muda wa mnyama asiye na faida. Na bado walimlisha mpaka mifupa ikashikana.

Kwetu huku Pwani stori inapitia dini. Muislamu yeyote anajua Abu Huraira, sahaba ambaye jina lake ni "baba wa kipaka". Kuna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Na katika fiqhi, maji aliyokunywa paka si najisi, kwa sababu yeye ni wa kuzunguka nyumbani mwetu. Kule Kairo husimuliwa kwamba Sultani Baybars, katika karne ya 13, aliweka wakfu bustani kwa ajili ya kulisha paka. Ukienda Lamu leo ukaona paka wamejipanga wakingoja wavuvi, unaona mwendelezo wa hayo yote. Waswahili walishasema: paka wa nyumba haingwa. Hafukuzwi. Ni wa nyumba.

Na kama bado unadhani paka wetu ni wa takataka tu: kuna aina ya paka inayotambuliwa kimataifa inayoitwa Sokoke, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke pale Kilifi. Wagiriama walikuwa na jina lao kwake, kadzonzo, kabla mkulima mmoja hajachukua vipaka 1978 na uzao wao kupelekwa Denmark miaka ya 80. Huko ana cheti cha ukoo. Huku tunamrushia kiatu.

Sasa, tukiwa na historia yote hiyo ya huruma, mbona operesheni ya paka inaonekana kitu kigeni?

Kwa sababu udaktari wa wanyama ulizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Shule ya kwanza ya kisasa ya udaktari huo ilianzishwa Lyon, Ufaransa, 1761, na Claude Bourgelat, bingwa wa farasi. Shida ilikuwa farasi wa jeshi na tauni ya ng'ombe. Paka hakuwa kwa hesabu. Hata etha ilipoonyeshwa hadharani Boston mwaka wa 1846, na upasuaji bila kusikia uchungu ukawezekana, ilichukua muda mrefu kabla mtu afikirie kuitumia kwa bidii kumsaidia paka.

Kenya ni hivyo hivyo, hata zaidi. Tauni ya ng'ombe ilifagia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuacha jamii za wafugaji bila kitu. Serikali ya ukoloni ilipojenga maabara Kabete, kazi ilikuwa mifugo. Baadaye pale Muguga, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo iliyosaidia kuimaliza hiyo tauni. 2011 ilitangazwa imeisha duniani. Huo ni ushindi mkubwa na ulipitia Kiambu, jamani, tujivunie. Lakini angalia lugha iliyobaki: mpaka leo tunasema "daktari wa mifugo". Mtaani hata ni "daktari wa ng'ombe". Neno lenyewe linakuambia nani alikuwa mgonjwa na nani hakuwa. Ng'ombe ana maziwa. Paka ana nini?

Paka alifika hospitalini akiwa amechelewa. Magari yalipowatoa farasi barabarani mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi mijini kule Marekani na Ulaya walibaki bila kazi ya maana, wakageukia mbwa, kisha paka. New York kulikuwa na Louis Camuti, aliyejulikana kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akitibu paka peke yao. Uingereza shirika la kushughulikia afya ya paka tu lilianzishwa 1958. Kisha ketamini, iliyoundwa 1962, ikawa moja ya dawa zilizorahisisha kumlaza paka kwa operesheni.

Na hata hapo kulikuwa na dhuluma. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kumpa paka dawa kali za maumivu, wakidhani atachanganyikiwa. Pia paka huficha uchungu, kwa hivyo wakasema hana. Tafiti za Uingereza za miaka ya 90 zilionyesha paka walipewa dawa za maumivu baada ya upasuaji mara chache kuliko mbwa waliofanyiwa kitu kile kile. Ni 2019 tu ambapo watafiti wa Montréal walitoa kipimo cha kusoma uchungu kwenye uso wa paka: masikio, macho, mdomo, sharubu na jinsi anavyoinamisha kichwa. Kwa hivyo hii elimu ni changa, karibu rika la wadogo wetu.

Nayajua haya kwa sababu ya Kadogo, paka wa shosho yangu. Jina ni la utani wa miaka. Ako na 14. Aliacha kula, mate yanadondoka, akisogelea sahani anarudi nyuma. Daktari wa kwanza tuliyempigia alicheka akasema tuchukue mwingine, paka ni za bure. Wa pili alimfungua mdomo: meno yameoza hadi mizizi. Kwanza akapimwa damu kuona figo, kwa sababu kwa paka mzee figo ndizo huamua kama usingizi ni salama. Halafu akawekewa dripu, akalazwa, meno tisa yakatoka.

Pesa ilikuwa karibu kodi ya mwezi. Sitajifanya ilikuwa rahisi. Shosho alitoa nusu kutoka kwa chama chake na hakuuliza mtu.

Wiki mbili za kupona zilikuwa kazi. Chumba chenye joto, maana mzee akitoka kwa usingizi mwili hupoa. Karai la mchanga lenye ukingo mfupi, asiruke. Dawa ya maumivu ile tu daktari alipima, kwa saa. Na hii iandike kwa ukuta: usimpe paka Panadol, hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja na itamuua. Pia usingoje siku tatu paka akikataa kula, kwa sababu mafuta hujaa kwenye ini na hapo shida inakuwa mbili.

Siku ya pili usiku nilimpata shosho jikoni, stima imepotea, anaponda samaki kwa kijiko akiwa na tochi ya simu. Analainisha na supu mpaka iwe kama uji. Hajawahi kusikia neno Berenike. Hakuhitaji.

Hapo ndipo hoja yangu iko. Si kila paka mzee anafaa kupasuliwa. Wengine figo zimeisha, na daktari mzuri atakuambia ukweli, na kumwacha aende bila mateso pia ni kumtunza. Kama pesa haipo, haipo. Hakuna mtu anapaswa kukuaibisha. Lakini hesabu ya "hana kazi tena, wa nini" hiyo tuiangalie vizuri, kwa sababu haikomi kwa paka. Hiyo lugha nimeisikia ikitumiwa kwa ng'ombe aliyekauka, kwa mbwa wa geti aliyepofuka, na kwa wazee wa watu, ushago, ambao hawalimi tena.

Sheria yetu, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Haikulazimishi umpende. Hiyo ya pili watu wamekuwa wakiifanya wenyewe tangu Saiprasi, wakiwa maskini na matajiri, jangwani na kwa mashua, bila kuomba ruhusa kwa mzungu yeyote.

Kwa hivyo mtu akikuambia ni mambo ya wazungu, mwambie aende Lamu asubuhi, wavuvi wakirudi. Na kama una paka mzee kwa nyumba, leo jioni mfungue mdomo uangalie meno.