Kazi: Wajibu Uliotangulia Haki

Kemondo ni bandari ndogo kusini mwa mji wa Bukoba, kwenye barabara iendayo Muleba. Kwa miongo mingi mikungu ya ndizi imepakiwa hapo kwenda Mwanza, mabegani mwa watu wasio na mkataba. Mchukuzi akivunjika mguu hana wa kumdai fidia, kwa kuwa hana mwajiri anayetambulika kisheria. Je, mtu huyu ana haki ya kazi, au ana kazi tu?

Dola katika nchi hii ilianza kwa kudai kazi, si kwa kuilinda. Wajerumani walipoleta kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, walitaka fedha. Walitaka pia watu watoke vijijini kutafuta vibarua. Chini ya Waingereza, asiye na fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kodi kwa jasho lake. Buhaya ilipata nafuu, maana mkulima alilipa kwa mauzo ya kahawa. Lakini kahawa hiyo (jambo ambalo hatupendi kulisimulia) ilipaliliwa pia na wahamiaji kutoka Ruanda-Urundi, kwa ujira mdogo.

Uhuru haukuufuta mtazamo huo. Mwaka 1983 Bunge lilitunga Sheria ya Nguvukazi, na mijini watu walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Mwaka uliofuata tu, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, miaka 36 baada ya Azimio la Ulimwengu la 1948 kuitaja kazi kuwa haki. Ibara ya 22 inatamka haki ya kufanya kazi, ya 23 ujira wa haki, na ya 25 inarudi kwenye wajibu. Ibara ya 11 inaiagiza mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kuitekeleza haki hiyo. Ibara ya 7 inazizuia mahakama kuhoji kama agizo hilo limetekelezwa. Wanafunzi wangu wa sheria hucheka wanapozisoma pamoja. Mimi sicheki tena.

Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana juu ya Lengo la 8 la Maendeleo Endelevu, linalodai kazi zenye staha kwa wote. Hata hivyo, kwa kigezo cha kimataifa cha takwimu, aliyefanya kazi ya malipo kwa saa 1 katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ana ajira. Mchukuzi wa Kemondo aliyebeba mikungu asubuhi moja yumo tayari kwenye jedwali, upande wa mafanikio.