Shingo ya Mlima, Gari la Ufagio

Neno la kwanza ni shingo. Kwa Kifaransa, sehemu ya chini iliyo kati ya vilele viwili huitwa "col", na asili yake ni "collum", neno la Kilatini lenye maana ya shingo. Ndiko walikopita wachungaji na mifugo yao tangu zama, wakivuka kutoka bonde moja hadi jingine bila kuhangaika na kilele chenyewe. Mbio za baiskeli za Tour de France zilipoanza mwaka 1903, neno hilo lilikuwa limeshazeeka midomoni mwa watu wa milimani.

Hapo mwanzo mbio hizo hazikulihitaji sana. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwandaaji wa Tour, aliihofia milima mirefu. Mwaka 1905 alikubali kujaribu Ballon d'Alsace, mlima wa zaidi ya mita 1,170 katika safu ya Vosges, ambako vilele vyenye migongo ya mviringo huitwa "ballon". René Pottier aliwatangulia wenzake hadi juu, na hofu ya Desgrange ikapungua.

Aliyemsukuma mbele zaidi ni msaidizi wake, Alphonse Steinès, aliyeshikilia kuwa hata safu ya Pyrénées inapitika. Steinès alikwenda mwenyewe kukagua Tourmalet, "col" iliyo mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Gari likakwama kwenye theluji, akaendelea kwa miguu gizani, nusura apotelee huko. Alipofika salama alipeleka telegramu Paris: barabara nzuri sana, inapitika kabisa.

Tarehe 21 Julai 1910, waendesha baiskeli waliondoka Luchon kungali usiku, wakielekea Bayonne, kilomita 326. Kati yao na Bayonne zilikuwapo Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, baiskeli zilikuwa nzito, na mtambo wa kuhamisha cheni haukuruhusiwa katika Tour hadi mwaka 1937. Gustave Garrigou alipanda Tourmalet yote bila kuweka mguu chini, akazawadiwa faranga 100. Octave Lapize yeye alilazimika kushuka na kuikokota baiskeli. Alipoifikia Aubisque, akiwa amechoka hadi mifupani, aliwafokea wasimamizi kwamba wao ni wauaji. "Assassins" likaingia katika historia ya mchezo siku ile. Lapize alishinda mkondo huo, kisha akashinda Tour nzima. Miaka saba baadaye, tarehe 14 Julai 1917, aliuawa vitani akiwa rubani.

Mwaka huohuo wa 1910 ndipo lilipoanza "voiture-balai", gari la ufagio. Hutembea nyuma ya wote na kuwazoa walioshindwa kuendelea, na kwa miaka mingi lilifungwa ufagio wa kweli ili kila mtu aelewe kazi yake. Jina hili, pamoja na ukatili wake, lina ukweli wa nyumbani: mlima ulipoingia katika mbio, uliacha watu wametapakaa njiani, na lazima awepo wa kuwakusanya.

Maneno mengi ya mwinuko yametoka kwenye vitu vya kawaida kama ufagio huo. Kona za mlimani zinazojikunja na kurudi, kisha kujikunja tena, huitwa "lacets", yaani kamba za viatu. Mfano unaojulikana zaidi ni Alpe d'Huez, ambako Fausto Coppi alishinda mwaka 1952, mara ya kwanza Tour ilipomalizikia huko. Kona zake 21 zina vibao vya namba zinazohesabiwa kurudi nyuma, ile ya chini kabisa ikiwa ya 21, ili anayepanda ajue zimebaki ngapi. Barabara inayoonekana tambarare kumbe inapanda taratibu ni "faux plat", tambarare ya uongo. Na mlima unaoamua nani ana nguvu na nani hana huitwa "juge de paix", jina la hakimu mdogo aliyekuwa akisuluhisha kesi za vijijini Ufaransa.

Kiswahili kimelipa neno kupanda mzigo mkubwa: tunapanda baiskeli, tunapanda mlima, tunapanda mahindi. Kifaransa kinatenganisha. "Monter" ni kupanda kwa kawaida. "Grimper" ni kukwea, kama afanyavyo mtoto mtini au mmea unaotambaa ukutani, na "grimpeur" ni mkwezi. Bingwa wa wakwezi alianza kutambuliwa rasmi na Tour mwaka 1933, na wa kwanza alikuwa Mhispania Vicente Trueba, mtu mdogo wa umbo aliyeitwa Kiroboto wa Torrelavega. Alitangulia kwenye vilele na kunaswa kwenye miteremko, wala hakuwahi kushinda mkondo hata mmoja wa Tour. Waliomfuata walipewa majina ya wenye mabawa: Charly Gaul wa Luxembourg akawa Malaika wa Milima, na Federico Bahamontes akawa Tai wa Toledo. Jezi nyeupe yenye madoa mekundu ilikuja baadaye sana, mwaka 1975, kwa ufadhili wa kampuni ya chokoleti ya Poulain.

Namna ya kukwea nayo ina msamiati wake. Anayesimama juu ya pedali, baiskeli ikiyumba kulia na kushoto chini yake, anakwenda "en danseuse", kama mcheza dansi wa kike. Aliyelemewa huweka "tout à gauche", yote kushoto: kwa kuwa cheni iko upande wa kulia wa baiskeli, gia nyepesi kabisa hupatikana ikisogezwa hadi mwisho wa kushoto, mbele na nyuma. Katika Mont Ventoux, tarehe 14 Julai 2013, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mchezo huu kwa David Kinjah huko Kikuyu, aliwaacha wapinzani wake bila dansi yoyote. Alikaa kitini na kuzungusha miguu kwa kasi ambayo wenzake hawakuiweza.

Kwa wasio wakwezi kuna "autobus". Ni kundi la wazito, wengi wao hodari wa mbio za tambarare, wanaopanda pamoja kwa mwendo wa kuhesabu ili wafike kabla ya muda wa mwisho, ambao hupimwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Humo wapinzani wa jana husubiriana. Kati ya maneno yote haya, hili ndilo lenye utu mwingi zaidi.

Milima yenyewe hupangwa kwa madaraja, kuanzia la nne kwa ile miepesi hadi la kwanza. Mwaka 1979 likaongezwa "hors catégorie", nje ya madaraja, kwa mipando ambayo la kwanza halikuitosha. Leo Wafaransa hulitumia hata kwa mpishi au mwimbaji asiye na mfano.

Mpando mfupi na mkali ni "mur", ukuta. Ule wa Huy nchini Ubelgiji, wenye kilomita 1.3, ndiko mbio za Flèche Wallonne zinakomalizikia tangu mwaka 1985. Neno hilo limesafiri hadi Rwanda, nchi ya vilima elfu, ambako mashindano ya Tour du Rwanda yamelitia mdomoni mwa mashabiki. Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa barabarani ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, njia ya wanaume ilipita Mont Kigali, ambako Tadej Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, kisha ikapanda Mur de Kigali, barabara ya mawe huko Nyamirambo, upande wa jiji ambako Kiswahili kimesikika kwa vizazi. Watangazaji waliuita ukuta. Wenyeji huita pale Kwa Mutwe.