Muhuri na Mkono Uliouchonga

Thamani ya kito hupimwa kwa rangi na uzito. Lakini kwa Wayunani wa kale ilikuwako thamani nyingine, nayo ni amana. Kito kilichochongwa kilikuwa muhuri. Kilipogandamizwa juu ya nta au udongo laini kilisimama mahali pa mkono wa mwenyewe: kilifunga barua, kililinda ghala, kilithibitisha mapatano.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Chuma cha zama zile hakikuimudu akiki. Kwa hiyo fundi alizungusha keekee kwa upinde, na ncha yake aliipaka mafuta na unga wa jiwe gumu zaidi, kama lile la kisiwa cha Naxos. Unga huo ndio uliokula jiwe, punje kwa punje. Tena alichonga kinyume, kulia kuwe kushoto na shimo liwe mwinuko, ili alama ipigwapo ionekane sawa.

Ustadi huu uliwahi kupotea. Mwaka 2015, katika kaburi la shujaa huko Pylos, ilifukuliwa akiki ya sentimita 3.6 yenye sura za wapiganaji watatu, iliyochongwa yapata miaka 3,500 iliyopita. Majumba ya kifalme ya nchi ile yalipoanguka, karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo, uchongaji wa mawe magumu ulitoweka pamoja nayo. Ulirudi karne ya 6, Wayunani walipojifunza upya kwa jirani zao wa mashariki.

Kwa kuwa muhuri ni amana, kuughushi ni wizi. Diogenes Laertius asimulia kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, alimkataza mchongaji asijiwekee alama ya pete aliyokwisha kuiuza. Fundi alitakiwa aachane kabisa na kazi ya mkono wake.

Hapo ndipo tunapouona ujasiri wa Dexamenos wa Chios. Katika karne ya 5, jina lililoandikwa juu ya muhuri kwa kawaida lilikuwa la mwenyewe. Yeye aliandika lake, na vito vinne vyenye jina hilo vimetufikia. Kimoja, chenye korongo arukaye, kimo katika makumbusho ya Hermitage, St Petersburg. Kinataja fundi na kisiwa chake. Aliyekivaa hajulikani, na barua alizozifunga zimeoza zamani. Jina lililosalia ni la mtumishi wake.