Michael Jackson katika The Jackson 5

Michael Joseph Jackson (29 Agosti 1958 – 25 Juni 2009) alikuwa mwimbaji na mchezaji dansi wa Marekani. Alianza kazi angali mtoto, katika kundi la ndugu watano lililoitwa The Jackson 5.

Alizaliwa Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma. Watoto tisa na wazazi wao waliishi katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Joe, baba yao, alikuwa mwendesha kreni kiwandani, na gitaa lake lilikuwa marufuku kuguswa. Mwanawe Tito alilipiga kwa siri hadi akakata uzi. Baba alikasirika, kisha akamtaka apige alichojifunza, na hapo akagundua kipaji cha wanawe. Mazoezi ya kila siku yakaanza. Joe alikuwa mkali, na baadaye Michael alisema hadharani kwamba walichapwa.

Kaka zake Michael, Jackie, Tito na Jermaine, walitangulia kundini. Marlon na Michael wakajiunga baadaye. Kundi lilizunguka kwenye kumbi za Wamarekani weusi, na shule ya kweli ya Michael ilikuwa pembeni mwa jukwaa, alikosimama akikodolea macho miguu ya waimbaji James Brown na Jackie Wilson. Mwaka 1967 walishinda shindano la wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo, New York.

Kampuni ya rekodi ya Motown iliwafanyia majaribio mwaka 1968, na ilipowatangaza ilimpunguzia Michael umri wa miaka miwili. Haikuwa na haja ya hila hiyo. Sikiliza “Who's Lovin' You”, wimbo wa Smokey Robinson kuhusu majuto ya mapenzi: mtoto ambaye hajabalehe anaurefusha mwito wa kwanza, anaukunja, anauachia taratibu, na msikilizaji anaamini kila neno. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na miaka ya kazi.

“I Want You Back”, iliyotoka Oktoba 1969, ilishika nafasi ya kwanza Marekani Januari 1970. Zikafuata “ABC”, “The Love You Save” na “I'll Be There”, zote namba moja mwaka huohuo. Kabla yao hakuna kundi ambalo nyimbo zake nne za kwanza kwenye chati ya Marekani zilifika kileleni.

Katika kitabu chake Moonwalk (1988), Michael alikumbuka bustani iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka studio. Aliwatazama watoto wakicheza humo, kisha akaingia kurekodi.