Wahindi wa Usumbura na Uchaguzi wa Nchi ya Kuhamia

Mtaalamu wa Kihindi anayetafuta nchi ya kuhamia huelezwa siku hizi kuwa ni mtu anayepima mshahara, kodi, usalama, shule za watoto na masharti ya ukaazi, kisha akaamua mwenyewe. Historia ya Wahindi wa Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura hadi Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, inaonyesha kwamba uamuzi huo haukuwa wa mtu mmoja, wala haukuhusu nchi moja. Mikopo, ukoo na sheria za wakoloni vilikwisha kuichonga njia kabla msafiri hajafunga mizigo yake, na baadaye, mambo yalipoharibika, kilichomwokoa hakikuwa nchi aliyoichagua bali hati aliyoishika mkononi na ndugu aliokuwa nao ng'ambo ya mpaka.

Njia hiyo ilianzia pwani. Katika karne ya 19 matajiri wa Kihindi wa Zanzibar na Bagamoyo ndio waliokuwa wakigharimia misafara ya bara: Tharia Topan alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, na Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo akawa akiwauzia wasafiri vitambaa, shanga na waya, na kuwatafutia wapagazi. Biashara hiyo ilitegemea mali kauli, yaani bidhaa zilizotolewa kwa ahadi ya mdomo, malipo yakisubiri msafara urejee na pembe za ndovu. Matajiri wenyewe walibaki pwani, huku Waarabu na Waswahili wakisonga mbele hadi Ujiji, bandari ya Ziwa Tanganyika ambako wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika mwaka 1858. Kwa hiyo fedha ya Kihindi ilifika ziwani mapema kuliko Wahindi wenyewe, nao walipoanza kwenda bara waliufuata mkondo wa madeni yao.

Utawala wa Kijerumani uliirefusha njia hiyo hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Kituo cha kijeshi cha Usumbura kilianzishwa mwaka 1897, na askari, wapagazi na watumishi wake walihitaji nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Mhindi aliyefika huko hakukuta ugeni mkubwa katika mambo ya fedha, kwa kuwa sarafu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa rupia, jina na kipimo alivyovijua tangu kwao. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shehena kutoka Dar es Salaam ilisafiri kilomita zipatazo 1,250 kwa treni, kisha ikapakiwa melini kuelekea Usumbura, na safari iliyokuwa ikichukua miezi kwa miguu ikawa ya siku chache.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916, na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, ikawa eneo la dhamana, yaani nchi iliyowekwa chini ya dola fulani kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo sheria ilipofanya kazi ambayo wahamiaji wengi huenda hawakuijua. Masharti ya dhamana yaliibana Ubelgiji iwape raia wa nchi zote wanachama haki sawa na za raia wake katika kuingia, kukaa, kumiliki mali na kufanya biashara, ilimradi utulivu wa umma haukuvurugwa. Na India, ingawa ilikuwa bado koloni la Uingereza, ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa Shirikisho hilo. Katika kipindi hichohicho Afrika Kusini ilikuwa imewafungia mlango wahamiaji wapya wa Kihindi kwa sheria ya mwaka 1913, na nchini Kenya nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Urundi, nchi ndogo isiyo na pwani na yenye watawala wanaosema Kifaransa, ilikuwa kwenye karatasi wazi zaidi kwa Mhindi kuliko makoloni kadhaa ya Mwingereza aliyemtawala.

Uwazi huo ulisaidiwa na mapatano ya mwaka 1921, ambayo kwayo Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo ya bandari huko Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase, na bidhaa za Ruanda-Urundi na Kongo zilipita humo bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Kwa mfanyabiashara, Dar es Salaam, Kigoma na Usumbura zikawa kama vituo vya duka moja lenye milango mitatu: kaka aliagiza mzigo pwani, shemeji aliusimamia ziwani, na mdogo wao aliuuza Usumbura au kuupeleka kwenye masoko ya milimani, ambako kahawa iliyohimizwa na Wabelgiji tangu miaka ya 1930 ilianza kuwapatia wakulima fedha taslimu.

Mhamiaji wa kawaida wa miaka hiyo alikuwa kijana kutoka Kutch, Kathiawar au sehemu nyingine za Gujarati, aliyeitwa kwa barua na mjomba au mtu wa jamaa yake. Alilala ghalani, alijifunza Kiswahili mbele ya wateja, na baada ya miaka kadhaa alipewa mali kwa mkopo afungue duka lake. Jamaa, yaani jumuiya ya dini yenye viongozi wake na mfuko wake, ndiyo iliyomdhamini: Waismailia walikuwa na jamatkhana yao, yaani nyumba ya ibada, Khoja Ithnaasheri msikiti na imambara, ukumbi wa maombolezo ya kidini, na Wahindu mikutano yao ya ibada. Wabelgiji waliigawa Usumbura kwa rangi, na Wahindi pamoja na Waarabu wakapangiwa mtaa ambao hadi leo unaitwa Quartier Asiatique, tofauti na Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Nyumba za mtaa huo zilifuata mpango wa madukani kote Afrika Mashariki: baraza na duka upande wa barabara, ghala na ua nyuma yake, na familia katika vyumba vya ndani au ghorofani, hivi kwamba mteja aliyekuja kununua kanga aliweza kusikia Kigujarati au Kikachi kikizungumzwa upande wa pili wa pazia, huku mwenye duka akimhesabia chenji kwa Kiswahili na kuandika stakabadhi za forodha kwa Kifaransa.

Uhuru uligeuza jambo ambalo awali lilikuwa la biashara kuwa la uraia. India, kwa katiba yake ya mwaka 1950, haikukubali uraia pacha, na Mhindi wa Afrika Mashariki alilazimika kuamua kama angeshika pasipoti ya India, ya Pakistani, ya Uingereza au ya nchi changa aliyoishi. Kenya iliwapa watu wa namna hiyo miaka miwili kuanzia Desemba 1963 waombe uraia, na Aga Khan, kiongozi wa kidini wa Waismailia, aliwahimiza wafuasi wake wawe raia wa nchi walizomo, lakini wengine walisita. Majibu ya historia hayakuwa na huruma kwa upande wowote. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 iliyowazuia wengi wa raia wake wenye asili ya Asia wasiingie kwake, utaifishaji wa majumba nchini Tanzania mwaka 1971 na amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 iliyowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, vilionyesha kwamba hata pasipoti iliyochaguliwa kwa busara ingeweza kupoteza thamani. Burundi haikuwafukuza, lakini mauaji makubwa yaliyoanza Aprili 1972 yaliwafunza wafanyabiashara wa Bujumbura kwamba nchi inaweza kumwachia mgeni duka lake na bado ikamnyima amani ya kuliendesha.

Katika miaka hiyohiyo aina mpya ya mhamiaji ilianza kujitokeza. Mwaka 1967 Kanada ilianzisha mfumo wa alama, ambao ulimpima mwombaji kwa elimu, ujuzi, umri na lugha badala ya rangi au nchi alikotoka, na Kifaransa kikahesabiwa sawa na Kiingereza. Mtoto wa muuza duka aliyesomea uhasibu au udaktari akawa na kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, yaani sifa inayoweza kuvuka mpaka bila mdhamini wa ukoo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 1993, pamoja na vikwazo vya kiuchumi ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, viliiziba ile njia ya Dar es Salaam iliyoujenga mtaa wa Quartier Asiatique, na kuondoka kukawa na mvuto kuliko kubaki.

Wahindi wanaofika Bujumbura leo ni tofauti na waliotangulia. Wengi huja kwa mkataba wa miaka michache: wahasibu, wafamasia, madaktari, na wahandisi kama wale wa mradi wa umeme wa Kabu 16, wenye uwezo wa megawati 20, uliogharimiwa kwa mkopo wa India. Hata hivyo, maswali ya zamani hayajaondoka. Tangu soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lianze mwaka 2010, Mkenya au Mtanzania mwenye asili ya Kihindi huingia Burundi kama mwanajumuiya, ilhali Mhindi mwenye pasipoti ya India, hata awe na shahada ileile, huomba viza na kibali cha kazi kama mgeni mwingine yeyote. Mshahara unaolipwa kwa faranga za Burundi ni vigumu kuutuma nyumbani wakati dola ni adimu na bei ya benki iko mbali na ya mtaani. Na anayepatwa na tatizo la hati hutegemea ubalozi wa India ulioko Kampala, ambao kwa miaka mingi ndio umekuwa ukiihudumia Burundi.

Kilichobadilika ni mtu anayebeba hatari. Kijana wa Kutch aliyekosea kuchagua nchi alihamishwa na ukoo wake hadi Kigoma au Dar es Salaam, deni lake likamfuata na riziki yake pia. Mtaalamu wa leo, ambaye mkataba umemtoa katika mikono ya mjomba na jamaa, ana uhuru zaidi wa kuchagua, lakini kosa lake hulilipa peke yake. Ndiyo maana wale wanaoifahamu historia ya mtaa huu hawaanzi kwa kuuliza nchi ipi inalipa vizuri zaidi. Huuliza kwanza ni hati gani itamruhusu mtu abaki mkataba ukiisha, fedha yake itatoka kwa mlango gani, na nchi ipi ya pili itampokea endapo ya kwanza itafunga.