Roboti, Figo na Mkono wa Mpasuaji: Historia Fupi na Fundisho Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazowajia wafasiri wetu, imo moja ambayo aghalabu hutafsiriwa kwa haraka na kuachwa ipite: "upasuaji wa roboti". Mojawapo ya mahali itumikapo sana ni katika matibabu ya saratani ndogo za figo, yaani zile ambazo upana wake hauzidi sentimita 4. Ukiisikia mara ya kwanza huioni kasoro. Ni fupi, yatamkika kwa urahisi, na neno roboti limekwisha kukaa katika lugha. Lakini tuseme mgonjwa anasomewa hati ya ridhaa isemayo kwamba "roboti itakata figo yako". Mtu huyo ana haki ya kuuliza mambo mawili. Je, ni nani atakayekata? Na kitakachokatwa ni figo nzima au kipande chake? Tafsiri isiyojibu maswali hayo humfanya atie sahihi jambo asilolijua. Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya upasuaji huo, kisha kuonyesha jinsi inavyoweza kutuongoza katika kuchagua maneno.

Tuanze na figo yenyewe. Hadi katikati ya karne ya 19 madaktari hawakuwa na hakika kama binadamu aweza kuishi kwa figo moja. Tarehe 2 Agosti 1869, katika mji wa Heidelberg nchini Ujerumani, Gustav Simon aliondoa figo ya mwanamke ambaye mrija wake wa mkojo ulikuwa umetoboka, mkojo ukawa unamvuja daima. Kabla ya kuthubutu alikuwa amejaribu kwanza kwa mbwa. Mwanamke yule alipona, na ikathibitika kwamba figo moja iliyo nzima yatosha. Uthibitisho huo ulikuwa faraja kubwa, lakini ulileta pia kishawishi: ikiwa moja yatosha, ya nini kujisumbua kuokoa sehemu ya ile iliyo gonjwa?

Mji uleule wa Heidelberg ndio uliotoa jibu la kwanza. Mwaka 1887 Vincenz Czerny, aliyekuwa ameshika nafasi ya Simon, alikata uvimbe wa figo na kuiacha sehemu iliyosalia mahali pake. Hata hivyo njia hiyo haikuenea, na sababu yake yaeleweka. Figo hupokea yapata sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ikikatwa, damu hububujika. Mshono ukilegea, mkojo huvuja ndani ya mwili. Mwaka 1950 Vincent Vermooten alitoa hoja kwamba baadhi ya uvimbe ulio pembezoni mwa figo waweza kukatwa pamoja na ukingo mdogo wa nyama nzima, bila kuiondoa figo. Lakini mwaka 1969 Charles Robson na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo mazuri ya njia iliyo kinyume chake: kuondoa figo nzima, mafuta yaizungukayo, tezi iliyo juu yake na tezi za limfu zilizo jirani. Kwa miaka mingi utaratibu huo ukawa ndio kanuni, hata kwa uvimbe mdogo.

Kanuni hiyo ilianza kutikiswa na maendeleo ya vyombo vya kupigia picha. Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilipiga picha za ubongo wa mgonjwa wa kwanza kwa kuunganisha eksirei na kompyuta. Baada ya miaka michache mashine za namna hiyo ziliweza kuonyesha mwili mzima, na vipimo vya mawimbi ya sauti vikaenea pia. Madaktari wakaanza kukuta uvimbe mdogo wa figo kwa watu waliokuja kupimwa kwa sababu nyingine kabisa, watu wasio na maumivu wala damu katika mkojo. Tena ikaonekana kwamba yapata mmoja kati ya kila uvimbe mdogo mitano si saratani, na kwamba mwingine hukua polepole sana, hata daktari akiamua kuungojea na kuupima mara kwa mara hakosei. Kuondoa figo nzima kwa ajili ya uvimbe wa sentimita 3 kukaanza kufanana na kubomoa ukuta mahali palipohitaji kuziba ufa. Mwaka 2009 mwongozo wa chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani uliweka ukataji wa sehemu ya figo kuwa tiba ya kutangulizwa kwa uvimbe mdogo wa aina hii.

Haki yataka tuseme pia yale yasiyoiunga mkono njia hiyo moja kwa moja. Jaribio lililofanywa Ulaya, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, liliwagawa kwa kura wagonjwa 541 wenye uvimbe usiozidi sentimita 5. Waliokatwa sehemu tu ya figo hawakuonekana kuishi muda mrefu kuliko waliotolewa figo nzima. Faida iliyoonekana ni kwamba figo zao ziliendelea kufanya kazi vizuri zaidi. Jambo hilo ni zito kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambaye kesho au kesho kutwa aweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Wakati mjadala huo ukiendelea, njia ya kuifikia figo nayo ilikuwa ikibadilika. Kwa desturi mpasuaji alifungua ubavu kwa jeraha refu, na mara nyingine kukata ubavu wenyewe. Mwaka 1990 Ralph Clayman na wenzake, katika mji wa St. Louis, Marekani, waliondoa figo ya mwanamke mwenye umri wa miaka 85 kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba katika matundu madogo ya tumbo. Kazi hiyo ilichukua karibu saa 7. Uvimbe uliokuwamo ulikuwa wa sentimita 3, na ulipochunguzwa ulikutwa si saratani. Matundu yalikuwa madogo, lakini figo yote ilikuwa imekwenda.

Kwa nini hawakukata kipande tu? Kwa sababu kushona ndani ya tumbo kwa vyombo vilivyonyooka kama vijiti ni kazi ngumu mno. Mkono wa mpasuaji ukienda kulia, ncha ya chombo huenda kushoto, na ncha hiyo haina kiwiko wala kifundo. Tena saa inamhimiza: ili akate bila damu kumziba macho, mpasuaji hubana mshipa upelekao damu katika figo, naye amefundishwa kwamba akipitisha yapata dakika 30 figo yaweza kudhurika. Katika dakika hizo yampasa akate uvimbe wote, afunge mishipa, ashone jeraha na kuachia kibano. Ni mafundi wachache walioliweza hilo kwa vijiti. Hapo ndipo mtambo ulipopata kazi yake.

Mtambo huo una wazazi wawili, mmoja wa fasihi na mwingine wa karakana. Neno roboti lilitokea katika tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyotolewa mwaka 1920 na kuchezwa Prague mwaka uliofuata. Nduguye, Josef, ndiye aliyempendekezea neno hilo, kutokana na neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya shuruti ambayo watwana wa mashamba walimfanyia bwana wao. Viumbe wa tamthilia hiyo walitenda wenyewe, na mwishowe wakaasi. Karakana nayo ilikuwa ya maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ambako katika miaka ya mwisho ya 1940 Raymond Goertz aliunda mikono ya chuma ya kushikia vitu vyenye mnururisho. Mtu alisimama upande mmoja wa ukuta wa kinga, akasogeza mkono mmoja, na mkono wa upande wa pili ukaiga kila alichofanya. Mkono wa pili haukuwa na hiari yoyote.

Mitambo ya upasuaji ilirithi jina la yule wa tamthilia na tabia ya huyu wa karakana. Mtambo uitwao da Vinci uliidhinishwa na serikali ya Marekani mwaka 2000 kutumika katika upasuaji wa tumbo. Mpasuaji huketi kwenye meza ya kuendeshea, hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha iliyokuzwa yenye kina. Vidole vyake husogeza vishikio, na ndani ya tumbo ncha zenye kifundo hufuata, mtetemeko wa mkono ukiwa umechujwa. Msaidizi husimama kando ya mgonjwa kubadilisha vyombo. Mwaka 2001 mpasuaji aliyeketi New York alimtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia mtambo mwingine wa jamii hiyo; hata kuvuka bahari hakukumwondoa mtu katika kiti chake. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 13 waliokatwa sehemu ya figo kwa msaada wa da Vinci, na tangu hapo njia hiyo imeenea katika nchi zenye uwezo. Uwezo hasa ndio neno, maana mtambo mmoja huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, mbali na gharama za kuutunza.

Sasa tuirudie lugha. Historia hii yatupa mafundisho matatu.

Kwanza, tendo litenganishwe. Kwa kuwa tofauti kati ya njia ya Czerny na ile ya Robson ndiyo kiini cha habari yote, haifai neno moja libebe zote mbili. "Kukata figo" lina utata. Yafaa tuseme "utoaji wa figo" kwa figo nzima, na "ukataji wa sehemu ya figo" kwa kipande. Istilahi ya pili ni ndefu kidogo, lakini urefu wake ndio utakaomwambia mgonjwa kwamba atarudi nyumbani na figo mbili.

Pili, mtenda kazi asifichwe. Ikiwa roboti ndiyo kiima cha sentensi, daktari ametoweka, na pamoja naye dhamana yake. Tunapendekeza "upasuaji kwa msaada wa roboti", na katika hati za wagonjwa maelezo kamili: "daktari atakata sehemu ya figo yako, akiendesha mikono ya mtambo". Kuna sababu nyingine ya kushikilia hilo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitangaza kwamba mtambo wao ulikuwa umeshona matumbo ya nguruwe kwa mpango wake wenyewe, binadamu akiwa msimamizi tu. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Siku mtambo utakapojiongoza mbele ya mgonjwa, tutahitaji neno la kueleza hali hiyo. Tukilitumia leo mahali pasipo pake, siku hiyo hatutakuwa nalo.

Tatu, yawapasa wafasiri kuangalia vitu wanavyorithishwa. Wahandisi waliiita mikono ya Goertz na wajukuu zake "bwana" na "mtumwa", na vitabu vingi vingali vikisema hivyo. Katika lugha ya pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, maneno hayo si mfano mtupu. Wala hayahitajiki. "Mkono uongozao" na "mkono utiio" huisema kazi ileile kwa usahihi zaidi, kwani huonyesha amri inatoka wapi na kwenda wapi.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wataona mapendekezo haya ni mazito mdomoni, na wakapata mengine yaliyo mepesi; hayo tutayapokea kwa furaha. Kipimo ni kimoja. Mgonjwa asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, akiisha kusomewa hati, aweze kusema kwa maneno yake mwenyewe ni nani atakayeshika kisu, na ni kiasi gani cha figo yake kitakachosalia.