Kijiji cha Asili cha Mswisi

Mwaka 1845, wahamiaji kutoka jimbo la Glarus nchini Uswisi walianzisha mji wa New Glarus huko Wisconsin, Marekani. Ufukara ndio uliowang'oa kwao. Leo mtu wa uzao wao anayetafuta asili yake huuliza kwanza: "Babu yetu alizaliwa wapi?" Mara nyingi swali hilo humpoteza.

Raia wa Uswisi huwa kwanza raia wa kijiji au mji wake wa asili, ndipo huwa raia wa jimbo na wa taifa. Uraia huo hurithiwa. Mtu aweza kuzaliwa Zürich, ilhali kijiji chake cha asili hajakitia machoni. Hata hivyo, habari za ndoa, uzazi na vifo vya ukoo wake zilipelekwa kuandikwa huko. Kazi hiyo ilikuwa ya makanisa, hadi mwaka 1876 serikali ilipoishika.

Kijiji hicho kiliwajibika pia kuwatunza raia wake maskini. Ndiyo sababu baadhi ya vijiji viliwalipia nauli waondoke. Basi, mtafiti na atafute kwanza jina la kijiji. Kilichowasafirisha wazee wake ndicho kilichohifadhi majina yao.